Damu ya Sifuri

Mstari kwenye skrini ulipanda tena. Sandrine alivua miwani na kuegemeza paji la uso kwenye meza. Mstari wa damu ya sifuri hautakiwi kupanda. Kazi yake yote ni kulala.

"Docteur, tubadilishe tena kioo?" aliuliza Eddy, fundi wa maabara, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe hapana.

"Badilisha."

Nje jenereta ilikohoa, ikaendelea. Eddy akapachika kioo kipya, kidogo kuliko ukucha. Juu yake ilibandikwa protini inayokaa kwenye utando wa kirusi cha homa ya damu. Mashine humulika kioo kwa chini, na kwa juu hupitisha tone la majimaji ya damu ya mtu. Kingamwili zikiishika ile protini, mwanga unayumba na mstari unapanda kwenye skrini papo hapo, ukiutazama. Kisha maji ya kusuuza yanapita. Kingamwili dhaifu zinaachia, mstari unashuka. Zile za mtu aliyeugua kweli akapona zinang'ang'ania, hata kama aliugua zamani sana.

Waliopona walikuwa wametoa damu zao kwa kusitasita. Wengi walichomewa nyumba miaka ile ya homa kwa kosa la kuuguza wagonjwa, na hawakupenda kukumbushwa. Mistari yao ilipanda vizuri. Lakini pasipo damu ya sifuri, ya mtu ambaye hakuugua wala kugusa mgonjwa, mistari hiyo haina maana. Na Wabelgiji walioazimisha mashine walishasema: ikiendelea kudanganya, Ijumaa inapanda ndege kurudi kwao. Miaka mitatu ya Sandrine ingepanda nayo.

Sifuri aliichagua mwenyewe, tena kwa uchungu. Ilikuwa damu ya papa yake, baba yake mzazi.

Homa ilipoingia kwenye kambi ya wavuvi, mtoni chini ya mji wa Isangi, Sandrine na ndugu zake walikuwa Kisangani kwa bibi. Mama alifia kambini. Papa Benoît alitokea mjini baadaye, amekonda, jicho moja limeingia ukungu, akasimama mbele ya mtaa mzima na kusema alimkimbia mke wake siku ya kwanza ya homa. Watu wakamtemea mate, kisha wakamwacha akae mtaani bila kumchomea nyumba. Watoto wake waliendelea kuchota maji bombani pamoja na wenzao.

Sandrine alikuwa na miaka tisa. Tangu hapo hakumpa mzee neno zaidi ya salamu. Mzee hakuchoka: kila mchana alimletea chakula maabara, na kila mchana Sandrine alikipokea mlangoni bila kumkaribisha.

Mtu wa kambi ile ile ya hao waliopona, samaki wale wale, malaria ile ile, ila mwenye mbio. Sifuri bora kuliko hiyo angeipata wapi?

"Damu ni ya kufanya nini?" mzee aliuliza siku ile ya sindano.

"Ya kuonyesha mutu mwenye hakugusa mugonjwa," alimjibu, akitaka imuume.

Mzee alikunja mkono wa shati, akatazama ukutani.

Sasa kioo kipya kilikuwa tayari. Sandrine alijitoboa kidole, akampa Eddy damu yake mwenyewe. Mstari ulilala, ukabaki umelala. Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa.

"Rudisha sifuri," akasema. "Tube ingine."

Mstari ulipanda. Maji ya kusuuza yakapita, yakazidi kupita. Haukushuka hata kidogo.

Eddy akacheka kwa kuchoka. "Bon, Docteur, mashine iko muzima. Ni huyu mutu yako ndiye anatudanganya. Aliugua, tena sana. Kati ya batu bote tulipima, hakuna mwenye damu yake imeshika vile. Ni damu ya nani?"

Mlango uligongwa. Papa Benoît alikuwa amesimama kizingitini na sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, iliyofungwa kitambaa, ameinyoosha mbele kama kawaida yake, tayari kugeuka aende zake.

Sandrine alivuta kiti.

"Ikaa, papa."

Mzee alikaa ukingoni mwa kiti, sufuria juu ya mapaja. Jicho lake zima liliangalia skrini, halafu likamwangalia binti yake.

"Papa," Sandrine alisema, "mama aliomba maji?"

Mzee aliinama, akawa anafungua fundo la kitambaa polepole.

"Kila wakati," akasema. "Nilikuwa namunywesha na kijiko."