Goti la Tomi

Mkude alishuka kwenye baiskeli kabla ya kona, akavua viatu vyake vya ulinzi, akaikokota kimyakimya hadi kwake. Miaka yote mbwa wake, Tomi, alimpokea kwa kumrukia kifuani. Lakini wiki iliyopita daktari wa mifugo alimpasua goti la nyuma, akaweka uzi mnene mahali pa kano iliyokatika, akaonya kwamba mruko mmoja tu ungeharibu kazi yote.

Mkewe, Semeni, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Tomi alilala kibarazani.

"Baba Upendo," Semeni alimnong'oneza mumewe, "utaingia kwako kama mwizi mpaka lini?"

"Mpaka apone. Sikumpeleka akashonwe ili nije kumfumua mwenyewe."

Mnyororo wa baiskeli ukalia. Tomi akasimamisha masikio, akainuka kwa miguu mitatu, akajikunja tayari kuruka.

Mkude aliiachia baiskeli ikaanguka. Akalala kifudifudi vumbini na sare yake ya kazi, kidevu chini, akawa mfupi kuliko mbwa.

"Njoo taratibu," alisema. "Leo hakuna pa kurukia."

Semeni aliacha kuchambua. Tomi alisita, akatikisa mkia, kisha akaanza kutembea, mguu ulioshonwa ukiwa umekunjwa. Katikati ya ua akaanza kuushusha, kwa mara ya kwanza tangu ashonwe. Mkude, shavu mchangani, aliutazama mwanga mwembamba uliobaki kati ya makucha na ardhi, akabana pumzi.