Mlima Usiotajwa

Joram alikuwa bado anamchorea Khadijah njia ya mlima kwa chai iliyomwagika mezani, pale Khadijah alipomwona baba yake amesimama mlangoni mwa hoteli.

Alitaka kuufuta ule mchoro kwa kiganja, akachelewa. Baba yake, Mzee Abdulrahman, alikwishavuta kiti.

"Endeleeni," alisema. "Mmefika wapi?"

Nje, mtaa wa Kondele ulikuwa na kelele zake za kila siku. Khadijah alikuwa amepanga kila kitu. Alichagua Jumamosi kwa sababu Jumamosi baba yake huondoka alfajiri kwenda Kombewa kununua mahindi ya duka, na hurudi magharibi. Angepanda, angeshuka, angekuta nyumba kama alivyoiacha.

"Na huyu ni nani?"

"Anaitwa Joram, Baba. Anaongoza watu wanaopanda milima."

"Mlima gani?"

"Homa," Khadijah alisema.

Lilikuwa jina lisilotajwa nyumbani kwao. Osama, kaka yake wa pekee, alifia kwenye mlima huo. Alipanda na wenzake, mvua ikawakuta karibu na kilele, akateleza. Wenyeji ndio waliomshusha. Siku hiyo baba yao alibaki ndani ya gari, ameupa mlima mgongo, hakutaka hata kuutazama. Baada ya mazishi alisema neno moja tu, kwamba mlima ule usitajwe tena chini ya paa lake. Haukutajwa.

Khadijah alingoja ngumi itue mezani. Haikutua.

"Mnaanza kupanda saa ngapi?" Abdulrahman alimuuliza Joram.

"Saa moja asubuhi, Mzee."

"Mmechelewa. Ule upande wa nyasi hauna kivuli, jua litawapika. Maji?"

"Kila mtu chupa zake. Halafu kuna kijito katikati, tutaongeza pale."

"Kijito kimekauka."

Joram alikohoa. "Mzee, mimi nimepanda pale mara nyingi."

"Nimesema kimekauka. Mkifika penye miamba mnapita wapi?"

Kidole cha Joram kilisogea taratibu juu ya meza. "Hapa kulia. Ni karibu zaidi."

"Hapo kulia ndipo alipoteleza mwanangu."

Khadijah aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumsikia akilisema hilo. Kumbe aliyashika yote waliyomweleza wale waliomshusha Osama, jiwe kwa jiwe, na sasa alikuwa anamtega Joram kwa swali baada ya swali, ili atakapokataa asiwepo wa kumpinga.

"Baba," alisema, "Osama aliniahidi atanipeleka. Kila akirudi kule alikuwa mtu mwingine, anacheka hata na majirani aliogombana nao. Nataka tu kuona alichokuwa anakiona."

Abdulrahman alichukua kitambaa cha mezani na kuupangusa mlima wote, kuanzia chini hadi kileleni.

"Jumamosi hii sitaenda Kombewa," alisema akisimama. "Nitawapeleka mwenyewe."

Nyumbani, mama yake Khadijah, Bi Ruqayya, alisikiliza habari ile huku mikono yake ikiwa ndani ya unga.

"Ukimwona baba yako hafoki, ujue ameshaamua," alisema. "Atakufikisha pale chini, akuonyeshe kwa macho yako, halafu akurudishe. Usibishane naye mbele ya watu, mwanangu."

Jumamosi waliondoka kabla ya kupambazuka. Walipita Katito, wakashika barabara ya Kendu Bay. Joram, kwenye kiti cha nyuma, alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Mwanga ulipoanza kutoka, mlima ulijitokeza mbele yao, mweusi, mkubwa kuliko Khadijah alivyoufikiria. Abdulrahman alikaza mikono kwenye usukani.

Khadijah alikuwa akijipangia maneno. Mimi ni mtu mzima, Baba. Nafundisha watoto wa watu. Huwezi kuniweka mbali na mlima mmoja maisha yangu yote. Aliyarudia kimoyomoyo, na kila aliporudia yalizidi kusikika ya kitoto.

Waliacha lami. Joram alifungua mdomo ili amwelekeze mzee, lakini gari lilikuwa limeshakata kona, likapita kati ya mashamba ya mtama, likaenda kusimama kando ya nyumba ya mwisho ya bati. Kutoka hapo kulikuwa na nyasi, na juu ya nyasi, miamba.

Abdulrahman alizima gari, akatia ufunguo mfukoni. Hakushuka. Alikaa akiutazama mlima kupitia kioo. Khadijah akajua wakati umefika.

"Nitapanda, Baba," alisema. "Hata ukinikataza, nitapanda. Unisamehe."

Baba yake alifungua mlango, akateremka. Khadijah na Joram wakateremka pia, kila mtu kwa upande wake.

Mama mmoja mtu mzima alitoka kwenye ile nyumba ya bati, leso kiunoni, fimbo ndefu mkononi. Joram akajiweka sawa na kunyoosha mkono ili amsalimie. Yule mama akampita.

"Oyawore, Baba Osama," alimsalimia kwa Kijaluo, akimkabidhi Abdulrahman fimbo ile. "Jumamosi iliyopita ulikawia kushuka mpaka nikaogopa. Na huyu binti unayepanda naye leo, ni nani?"