Mikono ya Mvunja Mayai

Haya alinisimulia mwanamke mwenyewe, mwezi uliopita, kwenye foleni ya kupimwa macho. Benchi lilikuwa refu na daktari hana haraka, basi nikayasikia yote mpaka mwisho.

Kila akirudi kazini, mumewe alimngojea mlangoni amnuse vidole.

"Nawa tena."

Alishanawa mara tatu: kwa sabuni ya kufulia, kwa ndimu, kwa majivu. Akanawa ya nne. Mume akainama, akavuta pumzi, akakunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Bado. Unanuka banda la kuku."

Mume yule ni fundi wa suti, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Mteja mmoja aliwahi kurudisha koti akidai linanuka yai. Tangu siku hiyo mke akakatazwa kusogelea vitambaa. Hata akipakua chakula, mume alimwangalia vidole asije akagusa kitu bila mwiko.

Na kazi yenyewe, tuseme kweli, inatia kinyaa. Mwanamke anavunja mayai kwenye kiwanda cha keki. Krimu yao inataka kiini kitupu ili iwe nzito na ya njano. Basi yai linavunjiwa kiganjani, ute unachuruzika katikati ya vidole kama kamasi la mtoto mwenye mafua, unaingia beseni, nao una wanunuzi wake. Kiini kinachobaki kinatupwa kwenye sufuria. Trei baada ya trei, mpaka ute unamkaukia viwikoni na kubanduka vipande vipande kama ngozi ya mjusi. Glavu hawavai, maana ukivaa, kiini kinateleza. Likija viza, linapasuka kwa mlio mdogo, na harufu yake inakukaa kooni hadi kesho yake. Wanateka lile bovu kwa kikombe, wanamwaga nje, kazi inaendelea. Jasho nalo linadondoka linapotaka.

"Shoga, geuza basi uso ukipiga chafya," alimwambia mwenzake wa meza moja, aliyekuwa na mafua wiki nzima.

"Nigeuzie wapi? Huku beseni, huku beseni."

Wakacheka, maana lingine la kufanya halikuwepo.

Nyumbani nako mume alikuwa ameota kitambi. Fundi wa suti mwenye kitambi hana raha; kila asubuhi alijizungushia tepu yake ya kupimia, akaivuta mpaka akakosa pumzi, na bado namba ikamsuta. Mwalimu wa mazoezi akamwambia kiini akiache, anywe ute. Akashika hilo kwa mikono miwili. Ute ananunua kwa mwalimu huyo huyo, ukiwa kwenye chupa, na kila mchana ananywa glasi moja, mbichi, macho kayafumba, koromeo linapanda na kushuka. Mke akila yai lake zima la kuchemsha, mume anageuza kiti.

"Unakula uchafu."

"Nakula yai. Kuku hakulitaga nusu."

"Hicho kiini ni mafuta matupu. Kinywaji changu mimi kimetengenezwa kwa mashine. Hakijaguswa na mkono wa mtu."

Mke akaendelea kutafuna.

Jumapili moja, chakula cha mchana kimekwisha, mume akamweka kitako.

"Nimefika hapa," akasema, akigusa shingo. "Ama uache ile kazi, ama uhamie stoo. Kitanda changu hakitalaliwa na banda la kuku. Chagua leo hii."

Mke akaanza kukusanya sahani. Kabla ya kazi ile alikuwa anaomba mpaka kiberiti, na kabla ya kupewa anaulizwa kile cha juzi kimekwenda wapi. Kuacha kazi ni kurudi huko. Kwenda stoo ni kuwa mpangaji ndani ya ndoa yake.

"Kazi siachi," akasema. "Na stoo siendi."

"Kwa hiyo niende mimi?"

"Kitanda kipana kile. Ukiona hakikufai, shauri yako."

"Iko siku utaniua kwa kinyaa, wewe mwanamke."

"Mbona hujafa mpaka leo."

Hasira ikampeleka mume kwenye friji. Akatoa chupa, akamimina glasi ikajaa. Uzi mmoja wa ute ukabaki unaning'inia kwenye mdomo wa chupa, haukatiki. Akaukata kwa kidole, akakilamba. Kisha akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta midomo kwa leso iliyopigwa pasi.

"Kitu safi ndani ya nyumba hii ni hiki tu," akasema. Akaenda kujitupa kitandani, ukingoni kabisa, kaupa mgongo upande wa mkewe. Haikuchukua muda akaanza kukoroma.

Mke akaosha glasi. Akaichukua chupa airudishe mahali pake, na kabla ya kuiweka akaitazama tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ubavuni, kama alivyozitazama za chupa zote zilizotangulia. Ilikuwa ya juzi, na mwandiko ulikuwa wake mke mwenyewe, ule anaoandikia chupa za ute kule kiwandani.

Akafunga friji, akaenda kujilaza upande wake wa kitanda, akalala.