Shikamoo kwa Mtoto Mwenzako

"Bibi, rafiki yangu anataka picha yangu," alisema mjukuu wangu, huku akinitungia uzi kwenye sindano bila kuombwa. "Ila kasema mama asijue."

Walikutana kwenye gemu ya simu. Rafiki huyo alijitambulisha kuwa msichana wa miaka tisa, sawa na yeye.

Nilitamani kuinyakua ile simu. Nikajizuia, maana mtoto aliyekuletea siri yake mwenyewe hakemewi.

"Mwandikie shikamoo," nikamwambia.

Akacheka hadi pengo lake likaonekana. "Bibi nawe! Shikamoo kwa mtoto mwenzangu? Atanicheka mwaka mzima!"

"Acha acheke. Akishakucheka, mwambie bibi yako ndiye kakutuma."

Akaandika herufi moja moja kwa kidole chenye wino wa shule. Tukasubiri, mashavu yetu yakigusana juu ya kioo.

Jibu likaja upesi. Akalisoma kwa sauti.

"Marahaba."

Akalisoma tena, safari hii kimoyomoyo. Kicheko kikamkauka.

Akaiweka simu mapajani mwangu, kisha akapanda na yeye mwenyewe, japo siku hizi ni mzito.

"Bibi," akanong'ona, "mtoto haitikii marahaba."