Toleo la Ijumaa

Mtaani kwetu ndoa huhifadhiwa kila Ijumaa. Mkikosana, na wote wawili mkiridhia, mnarudishwa kwenye toleo la Ijumaa iliyopita, na yaliyotokea baadaye, wanasema, hakuna anayeyakumbuka; vitu tu hubaki vilivyo.

Jumapili mume wangu Chande alinizaba kofi. Jioni akaniletea kile kifaa cha kuturudisha Ijumaa.

“Mama Rukia, weka kidole tu, tuanze upya. Ndoa hii haijawahi kuingia kofi.”

“Kidole siweki. Umepiga, utaishi nalo.”

Nikatoa sandukuni kanga ya harusi nifunge fundo pembeni, kama mama alivyonifunza, jambo hilo nisije nikalisahau. Nikakuta mafundo matatu, yamefungwa kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikumbuki kuyafunga.

Chande hakushangaa.

Nikafunga la nne mbele yake, nikajitanda, nikafungua mlango.