Anga ya Mwisho

Siku hizi Tabora hakuna ndoa inayofungwa kabla wachumba hawajacheza Kundi la Vimondo, mchezo wa video wa vita vya angani, kwenye mashine ya ukumbini, mbele ya mashangazi, mpaka wavuke wote wawili anga ya mwisho. Mashine ndiyo inayotoa kibali, na ikikataa imekataa.

Zamda alikuwa na wasiwasi, maana mchumba wake Shomari alijifunzia nyumbani, kwenye runinga. Mchezo wa nyumbani ni mpana na mfupi, umekatwa juu, na adui hutokeza akiwa karibu tayari. Wa ukumbini umesimama wima kama mlango, na maadui huonekana wakiwa bado mbali. Shomari alizoea kumpiga adui akitokeza tu.

"Mkwe, mbona unapiga hewa?" mashangazi walimtania. "Subiri wafike!"

Shomari alicheka, jasho likimtiririka. Risasi zilimwishia mapema, na katika anga ya mwisho kombora likamshukia akiwa hana kitu. Zamda hakufikiri. Alikisogeza chombo chake cha angani mbele ya cha Shomari, kikalipuka. Shomari akavuka peke yake.

Zamda akafumba macho. Basi, ndoa imekwenda.

Mashine ikapiga tarumbeta: KIBALI KIMETOLEWA.

Vigelegele vikajaa ukumbini. Shomari akamkumbatia huku akirukaruka kama mtoto, na Zamda naye akacheka mpaka machozi.

"Lakini shangazi," Zamda alimnong'oneza Havijawa, dada wa baba yake, "mimi nimekufa."

"Hata mimi nilikufa, mwanangu," Havijawa alijibu kwa furaha, akimfunga kanga mpya. "Sote hapa tulipita hivyo hivyo."