Mteremko wa Kwanza

Siku ya kwanza Fikirini alipopanda pikipiki ya milimani, alianguka hata kabla ya kuanza mteremko. Hakuumia. Aliona mawe kule chini, akaogopa, akaachia usukani.

"Breki hazishiki," Fikirini alimwambia Mwanakombo, mama aliyekuwa akimfundisha yeye na wenzake, alipomkuta kwenye tope.

Mwanakombo aliinua pikipiki, akabana breki, akaisukuma. Gurudumu halikusogea. Alimtazama Fikirini usoni, kisha akawageukia wenzao waliokuwa wakingoja zamu zao.

"Breki zimemgomea," aliwaambia. "Tumsubiri."

Shekue, fundi wa gereji mwenye goti bovu, akaja na mfuko wake wa spana. Alipiga magoti kwa shida kwenye tope, akaanza kufungua breki zisizo na kasoro yoyote.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema. "Ungekufa hivi hivi."

Uso wa Fikirini uliwaka kwa aibu. Alitamani Mwanakombo amseme, hata amtukane mbele ya watu, lakini mama yule alikuwa akifuta tope kwenye taa.

"Acha, kaka Shekue," Fikirini alisema hatimaye. "Breki ni nzima. Niliogopa."

Shekue alibaki na spana mkononi. Nyuma yao mtu alicheka.

"Basi panda," alisema Mwanakombo. "Simama wima, magoti uyalegeze. Usiyatazame mawe, tazama unakokwenda."

Fikirini akapanda. Alisimama wima, akatazama njia, na gurudumu la mbele likavuka ukingo wa mteremko.